Kwa nini surua inaingia bila kelele

 

Tulipomaliza kuchanga pesa ya likelemba wiki hii, mama mmoja mwenye mtoto wa miezi 10 aliniuliza: «Mwalimu, mtoto wangu ni mzima. Ananyonya, anacheka, hakohoi. Kwa nini RECO anarudi kila siku mlangoni kuniambia nimpeleke kwenye chanjo ya surua? Si ningoje kwanza nione kama atashikwa na homa?» Wengine walitikisa kichwa, maana hata wao walikuwa na swali hilo moyoni. Niliahidi kujibu kwa maandishi, sababu jibu linapitia ndani kabisa ya mwili, mahali ambapo macho ya mama hayafiki, na si jibu la kutoa watu wakiwa wamesimama na mzigo kichwani.

Swali lenyewe ni la akili. Kwa magonjwa mengi, mama akimtazama mtoto wake anajua. Surua ni ugonjwa unaodanganya macho ya mama, na ninataka kueleza unavyofanya.

Tuanze na jambo tunalolijua. Usiku, majambazi wakiingia katika kartie, mwenye nyumba hana bunduki. Ana sufuria na mwiko. Anapiga. Jirani anasikia, naye anashika sufuria yake, mwingine anapuliza filimbi, na baada ya muda mfupi mlima mzima unalia. Ile sufuria haimuumizi jambazi hata kidogo. Kazi yake ni kupeleka habari, ili majirani wafunge milango kwa nguvu na vijana watoke kwa wingi. Kijiji kisichopiga sufuria kinaibiwa nyumba moja moja mpaka asubuhi.

Mwili una desturi kama hiyo. Umejengwa na vyumba vidogo sana vinavyoitwa seli, vingi kiasi kwamba hakuna mtu anayeweza kuvihesabu. Kirusi ni kidogo zaidi, na peke yake hakiwezi kuzaa. Lazima kiingie ndani ya seli, kitumie vyombo vya seli hiyo kutengeneza nakala zake, kisha nakala hizo zitoke kwenda kuvamia seli za jirani. Kwa hiyo seli ya kwanza kuvamiwa ina kazi moja kubwa kabla haijafa: kupiga sufuria.

Jambo hili liligunduliwa mwaka 1957 kule London. Alick Isaacs, Mwingereza, na Jean Lindenmann, Mswisi, walichukua vipande vya ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya yai la kuku lenye kifaranga. Walivilowesha pamoja na virusi vya gripe vilivyokwisha kuuawa kwa joto. Baadaye walichota maji yale wakayatia kwenye vipande vingine vipya, kisha wakaleta virusi hai. Vipande vile vipya vilikataa virusi, ingawa vyenyewe vilikuwa havijawahi kukutana na kirusi chochote. Ni yale maji yaliyobeba habari. Kitu kilichokuwa ndani yake walikiita interferoni.

Interferoni ndiyo sauti ya sufuria. Seli iliyovamiwa inaitoa nje, inawafikia majirani, nao wanajifunga kabla mgeni hajafika.

Lakini seli inajuaje kwamba imeingiliwa? Ndani yake kuna walinzi. Wawili kati yao wanaitwa RIG-I na MDA5, majina yanayofanana na plaki za motari, lakini tuyakubali tu. Kirusi kama cha surua kinabeba maagizo yake kwenye uzi unaoitwa RNA. Kinapojinakili, kinaacha nyuzi za RNA zenye umbo ambalo seli yetu yenyewe haina kawaida ya kutengeneza: nyuzi mbili zilizoshikana, ao uzi wenye ncha ambayo haikufunikwa. Walinzi wanapapasa, wanaona umbo hilo, wanashtuka. Wanakwenda kwa protini nyingine iitwayo MAVS, inayokaa juu ya mitokondria, zile jiko za seli ambazo wanafunzi wetu huzichora kama maharage. MAVS anaamsha wengine, nao wanampigia muhuri mjumbe anayeitwa IRF3.

Hapo kwenye muhuri nisimame kidogo. Sisi Wakongo tunajua kwamba karatasi isiyo na muhuri haipiti popote. Ndani ya seli ni vilevile. Muhuri wake ni chembe ndogo ya fosfati inayobandikwa juu ya protini. Mjumbe asiye na muhuri anakaa tu bila kazi. Akishapigiwa, anageuka umbo na anaruhusiwa kuingia ofisi kuu ya seli, yaani kiini, mahali maagizo ya mwili wote yanapotunzwa. Humo anafungua ukurasa unaosema: tengeneza interferoni. Yote hayo huanza katika muda wa saa chache.

Interferoni ikifika kwa jirani inagonga mlango wake. Nyuma ya mlango kuna wajumbe wengine, STAT1 na STAT2, nao wanapigiwa muhuri, wanaingia kiini cha jirani, wanafungua kurasa mamia. Seli jirani inaanza kutengeneza vifaa vya ulinzi. Kuna mikasi ya kukata RNA ya kirusi, kuna kizuizi kinachosimamisha utengenezaji wa protini ili kirusi kikija kikute jiko limezimwa. Hata askari wa damu wanaitwa waje.

Hiyo ndiyo kinga tunayozaliwa nayo. Haichagui, haikumbuki sura ya adui, lakini ni ya haraka. Kinga ya pili, ile inayotengeneza silaha maalum kwa kila ugonjwa na kuukumbuka kwa miaka, inahitaji siku nyingi, mara nyingi wiki moja ao zaidi, kabla haijawa tayari. Kinga ya kwanza inashika mlango ili ya pili ipate muda.

Na homa? Habari zinazotolewa na seli zikiwa nyingi katika damu, zinafika mpaka kwenye ubongo, na ubongo unapandisha joto la mwili. Uchovu, kuumwa viungo, kukosa hamu ya bugali, kwa sehemu kubwa ni kelele za mwili wenyewe kabla hata ya uharibifu wa kirusi. Ndiyo maana parasetamoli inamshusha mtoto joto na kumpa usingizi, lakini haiui kirusi hata kimoja. Na dawa za mikrobe kama amoksilini hazigusi virusi kamwe, ingawa mganga anaweza kuziandika kama ameona mtoto amepata pia ugonjwa wa mapafu ao wa masikio juu yake. Ninaongeza neno moja: hapa kwetu homa ya mtoto isiitwe virusi kwa kukisia. Apimwe malaria kwanza, hasa ninyi mnaotelemka Walikale.

Kelele zenyewe zina mpaka wake. Kijiji kinachopiga sufuria siku tatu mfululizo hakilali, hakilimi, na vijana wakichoka wanaweza kumpiga hata mpita njia. Kwa hiyo seli zina protini nyingine za kunyamazisha, zinazofuta mihuri na kufunga milango hatari ikiisha. Zikishindwa kazi, mwili unajiumiza wenyewe. Katika Ebola, sehemu ya mateso ya mgonjwa inatokana na kelele za mwili zilizochelewa kuanza na baadaye zikakosa wa kuzizima. Na wakati wa COVID, mwaka 2020, watafiti walikuta kwamba kama mgonjwa mmoja kwa kila kumi kati ya wale waliokuwa mahututi alikuwa na kasoro ya ajabu: damu yake ilikuwa na silaha zinazokamata interferoni yake mwenyewe. Sufuria zilipigwa, lakini sauti haikufika kwa jirani.

Sasa tumefika kwa surua. Majambazi wenye akili, kabla ya kuiba, wanatafuta kwanza nani ana filimbi. Kirusi cha surua kinatengeneza protini ndogo inayoitwa V. Protini hiyo inamshika mlinzi MDA5 asiweze kupeleka habari, na pia inawashika STAT1 na STAT2 wasiingie kwenye kiini. Hivyo inaziba sehemu mbili kwa pamoja, mdomo wa anayepiga kelele na sikio la anayesikiliza. Ebola nayo ina ujanja wa namna hiyo: protini yake VP35 inafunika RNA isionekane, na VP24 inamzuia mjumbe STAT1 mlangoni pa kiini.

Ubaya mwingine wa surua ni pale inapopenda kuingia. Inavutwa na pumzi, na ndani ya mapafu inaingia katika seli za ulinzi zenyewe, yaani inapanda juu ya gari la polisi. Seli hizo zinaibeba mpaka kwenye tezi, na kutoka hapo inasambaa mwili wote. Wakati huo wote mtoto anacheka. Kwa siku kama 10 tangu alipoambukizwa hakuna homa, hakuna kikohozi. Baadaye inakuja homa kali, macho mekundu, mafua, kikohozi, na karibu na siku ya 14 upele unaanza usoni na kushuka mwilini. Siku nne kabla ya upele mtoto tayari anaambukiza wengine, na hewa ya chumba alimopita inaweza kubaki na virusi mpaka saa mbili. Mahali ambapo watu hawana kinga, mtoto mmoja anaweza kuambukiza 12 mpaka 18. Fikirini kanisa letu siku ya Jumapili, ao hema moja kambini lenye familia mbili.

Kwa hiyo, kwa mama aliyeuliza: «mzima» wa leo hautuambii kwamba kirusi hakipo. Ukingoja homa, umengoja mpaka mwizi amemaliza vyumba vyote.

Wazee wetu wengi husema surua lazima «itoke nje», na mtoto ambaye upele haujatoka ana hatari zaidi. Zamani nilidhani wanganga wataicheka kauli hiyo, lakini ina ukweli wake. Upele wa surua ni mahali askari wa kinga ya pili wanapopigana na seli zilizovamiwa ndani ya ngozi. Mtoto ambaye kinga yake imedhoofika sana anaweza kuugua surua bila upele kamili, na huyo kweli yuko katika hatari kubwa. Wazee waliona vizuri. Pale tunapokosea ni kufikiri kwamba kuna kitu cha kumpaka ao kumnywesha ili upele utoke haraka, na kumfungia nyumbani siku tatu tukingoja. Siku hizo tatu ndizo mapafu yanapoharibika.

Hata akipona, hatari haijaisha. Mwaka 2019 ulitolewa uchunguzi uliofanywa kwa watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa na wakapata surua. Damu yao ilipimwa kabla na baada ya ugonjwa. Walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya silaha ambazo mwili ulikuwa umejitengenezea dhidi ya magonjwa mengine. Surua inachoma daftari ambamo kinga iliandika majina ya maadui wake. Ndiyo sababu mnaona mtoto aliyepona surua mwezi wa tatu, mwezi wa tano anarudi hospitali na kuhara ao kichomi, na watu wanasema amerogwa.

Na tusifikiri hii ni hadithi ya Ulaya. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa kwetu Kivu ya Kaskazini, ikianzia Mangina upande wa Beni. Mwezi wa Agosti 2019 ilionekana hata Pinga, Walikale. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287. Tunakumbuka magari, ndoo za klori kwenye kila barrière, kipimo cha joto kwenye paji la uso. Katika miaka hiyo hiyo surua ilizunguka nchi nzima, na Januari 2020 OMS ilitangaza kwamba imeshaua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo, kati ya wagonjwa waliokisiwa 310,000 tangu mwanzo wa 2019. Nani kati yetu alinawa mikono kwa ajili ya surua? Nje ya mwili pia iliingia bila kelele.

Chanjo inafanya nini katika habari hii? Inamleta mtoto kwenye kirusi cha surua kilichodhoofishwa, kizazi cha kirusi kilichotolewa mwaka 1954 kwa mtoto mmoja wa shule huko Boston, Marekani, kikafugwa muda mrefu katika seli za vifaranga mpaka kikapoteza ukali. Kikiingia, hakina nguvu ya kuteka mwili. Sufuria zinapigwa, kinga ya kwanza inaamka, inaita ya pili, na ya pili inaandika jina la surua katika daftari. Siku kirusi kikali kitakapokuja na protini yake V, hakitakuwa na faida kubwa kuwanyamazisha walinzi wa mlango, sababu silaha maalum ziko tayari ndani ya damu.

Kelele hizo za chanjo ndizo zinazowaogopesha wamama. Kati ya siku ya 7 na ya 12 baada ya sindano, watoto 5 mpaka 15 kwa kila 100 wanapata homa, na wengine vipele vidogo vinavyoisha vyenyewe. Mwili unajifunza. Dozi ya kwanza hapa kwetu inatolewa kwenye miezi 9. Inawakinga kama watoto 85 kwa kila 100, si wote, na ndiyo maana kuna dozi ya pili. Ukienda kupimisha kilo, muulize mganga tarehe ya hiyo ya pili na uiandike hata ukutani kwa makaa.

Kuna kitu kimoja kingine kinachoingia katika mazungumzo haya ya seli, nacho kiko jikoni. Mwaka 1987 madaktari waliokuwa hospitali ya Mvumi, karibu na Dodoma, Tanzania, walitoa matokeo ya kazi yao kwa watoto 180 waliolazwa na surua. Watoto 92 walipewa matunzo ya kawaida, wakafa 12. Wengine 88 waliongezewa vitamini A, wakafa 6. Tangu hapo, pamoja na uchunguzi mwingine uliofuata, vitamini A imekuwa sehemu ya matibabu ya surua: kipimo kimoja siku ya kwanza, kingine kesho yake, kulingana na umri. Inalinda macho, maana surua inapofusha, na inatengeneza upya utando wa mapafu na matumbo. Baadaye watafiti wa Montréal, Kanada, walionyesha kwa seli za maabara kwamba kitu kinachotokana na vitamini A kinaongeza wale walinzi RIG-I katika seli jirani, hivyo kirusi cha surua kinapata shida kuenea. Mambo ya maabara si lazima yatokee yote katika mtoto, lakini yananisaidia kuelewa kwa nini kidonge kidogo kile kina nguvu namna hiyo.

Sisi tuna bahati ya kuishi kati ya nchi mbili. Walikale inatuletea mawese, na mawese mekundu yana rangi ile ile ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Ukiyachemsha mpaka yawe meupe, umeichoma rangi hiyo, na kusema kweli naona wengi wetu tunafanya hivyo kwa kupenda ladha. Masisi inatoa maziwa. Sombe, lengalenga, mayai, maini, viazi vitamu vya rangi ya karoti, vyote vinaongeza. Lakini msinunue vidonge vya vitamini A sokoni na kuvimeza ovyo, hasa mama mwenye mimba, sababu vikizidi vinaweza kumharibu mtoto tumboni. Vya kampeni na vya matibabu vinatolewa na mganga.

Mtoto akipata homa na macho mekundu na kikohozi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mpeleke habari mbele kwa RECO ili asikalishwe kwenye benchi moja na wachanga wa wengine. Aendelee kunyonya na kunywa. Kama anashindwa kunyonya, anapumua mbio mbio, anatetemeka degedege, analala bila kuamka vizuri, ao jicho linaonekana kama lina ukungu, hapo ni hospitali, hata kama ni usiku na motari anataka bei mbili.

Mama mwingine aliniuliza kama mtoto mwenye mafua kidogo anaweza kuchanjwa. Ndiyo, mafua madogo hayazuii. Ni mganga atakayeamua kama homa ni kali. Na kwa ninyi mliokimbia mkaacha fishi ya chanjo ndani ya nyumba, ao ilinyeshewa mvua njiani: usibaki nyumbani sababu ya karatasi. Sema ukweli kwamba imepotea. Kama huna hakika mtoto alipata dozi, watamchanja tena na kuandika fishi mpya, na dozi ya ziada haimdhuru.